Sikutaka Kukusumbua

Kikombe kilikuwa cheupe chenye ukingo wa dhahabu, kimoja kati ya sita vya seti tuliyopewa siku ya harusi, vile vinavyokaa kabatini vikisubiri wageni. Mke wangu alikiweka mbele yangu juu ya kisosi, kijiko pembeni, akasema, "Karibu chai, baba." Watoto walikuwa na vikombe vyao vya plastiki. Yeye alishika kile chake cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Nikauliza kikombe changu kiko wapi, kile kikubwa cha kahawia nilichokinunua Morogoro. Binti yetu ndiye aliyenijibu: "Si kilivunjika mwezi wa nne."

Ilikuwa Agosti 2023. Tangu huo mwezi wa nne nilikuwa nimerudi nyumbani mara saba au nane, kila mara nikanywa chai, na bila shaka kila mara nililetewa kikombe cha wageni. Sikuwahi kukiona. Hakuna aliyekuwa ananikomoa. Mama watoto alifanya tu kile ambacho mkono wa mwenye nyumba hufanya akiingia mtu mwenye begi.

Naandika haya kwa sababu nawaona wengi wa rika langu wakiingia kwenye hali hii taratibu, tena wakiwa wanapendana, wanaheshimiana, na hawana hata ugomvi wa kusuluhishwa. Sisi tulikuwa hivyo.

Mimi ni mhasibu serikalini. Tulifunga ndoa mwaka 2010, tukapanga Segerea, mke wangu akifundisha shule ya msingi hukohuko Ilala. Habari ya makao makuu kuhamia Dodoma ilikuwepo tangu 1973, na kwa sisi wa Dar ilikuwa kama mvua inayotabiriwa kila mwaka isinyeshe. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli, Waziri Mkuu akatangulia mwaka huohuo, na Machi 2017 barua yangu ikafika. Niliondoka na godoro, jiko la gesi la mtungi mdogo na sanduku moja. Ofisi zetu za mwanzo zilikuwa kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, mpaka 2019 tulipohamia Mji wa Serikali, Mtumba. Tulikubaliana kuwa ni mwaka mmoja tu. Yeye angeomba uhamisho wa kumfuata mwenza, watoto wangemaliza masomo ya mwaka ule, tungekuwa pamoja. Barua ikaandikwa, nakala ya cheti cha ndoa ikaambatishwa, nafasi haikupatikana. Akatafuta mwalimu wa kubadilishana naye, akampata, yule akaghairi. Akatafuta mwingine. Mwaka mmoja ukawa sita.

Siulaumu uhamisho. Nawafahamu wanandoa waliotenganishwa na Dodoma hiihii ambao bado kila mmoja anajua mwenzake ameota nini jana. Na nawafahamu wanaolala kitanda kimoja Tabata ambao hawajaambiana neno la moyoni tangu mtoto wao wa mwisho aanze shule. Kilomita zaidi ya 400 za barabara ziliturahisishia tu kufanya jambo ambalo wote wawili tulishafundishwa kulifanya tangu utotoni.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Tulijua amechoka kwa namna alivyovua viatu. Alipoachishwa kazi, mama alikuja kujua baada ya miezi mitatu, kwa sababu kila asubuhi mzee alioga, akavaa, akatoka na kurudi jioni. Majirani walimsifia: mwanaume yule, hakuwatikisa watoto. Nilikuwa na miaka 11, na sifa ile ilinikaa. Nilielewa kwamba kumpenda mtu ni kumwekea mlango katikati yake na shida zako.

Mke wangu naye alifundwa na shangazi zake Magomeni. Mume akirudi mpokee mzigo, mpe maji, usimpokee na mashtaka. Ni fundisho zuri kwa mume anayerudi kila jioni: akishakunywa maji, akapumzika, mashtaka yatasemwa kabla ya kulala. Mimi nilirudi mara mbili kwa mwezi. Ijumaa usiku nafika nina vumbi la safari na macho mekundu, Jumapili mchana naangalia saa. Muda wa mashtaka haukufika. Kila akitaka kusema, anaona bado nakunywa maji.

Mwaka wa kwanza tulipigiana simu kila usiku saa mbili, na tuliongea mpaka sikio likawa la moto. Kisha tukanunua kiwanja Chanika na kuanza kujenga. Sijui nieleze vipi kwa asiyejenga. Nyumba inakula mshahara, inakula akiba ya kikoba, na bila mtu kuona inakula maneno. Siku moja, baada ya ile habari ya kikombe, nilifungua mazungumzo yetu ya WhatsApp nikaanza kuyapandisha kwa kidole. Umefika? Nimefika. Fundi anataka 450 ya lenta. Nimetuma. Imeingia. Mifuko 20 ipo, nondo bado. Ada mwisho tarehe 15. Sawa. Usiku mwema. Na kwako pia. Nilipandisha mwezi mmoja, mitatu, mwaka mzima. Hakuna tusi, hakuna neno la ukali, wala swali ambalo jibu lake silo fedha au safari. Mtu akinionyesha mazungumzo yale bila majina ningesema ni ya mwenye nyumba na msimamizi wake wa ujenzi, watu waaminifu wanaofanya kazi vizuri.

Nyumbani mambo yakawa yanakwenda bila mimi, na yalipaswa kwenda. Mtoto akiugua saa saba usiku hampigii simu aliye Nkuhungu, mtaa wa Dodoma nilikopanga. Kijana wetu alihamishwa darasa, mimi nikaambiwa wiki ya pili yake. Binti nikimuuliza jambo la shule, alimtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kumweleza mtu wa nje. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi, badala ya kuumia na kusema nimeumia, niliamua kuwa mgeni mzuri. Nilileta zabibu na karanga. Nilisifia chakula. Sikulalamika kuhusu chochote. Leo naona kwamba huko kutolalamika ndiko kulikomwambia mke wangu kuwa sina haja na nyumba ile.

Sasa nifike kwenye mimba.

Alhamisi ya tarehe 24 Juni 2021 mke wangu alipoteza mimba ya wiki 16. Aliniambia Jumapili. Wiki ile mimi na wenzangu tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka wa fedha unaoisha Juni 30, na yeyote aliyewahi kuishi na mhasibu wa serikali anajua wiki hiyo ikoje: tunalala ofisini, tunakula mihogo ya kukaanga juu ya mafaili. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma taarifa. Alikwishatoka hospitali, dada yake alikuwa naye, watoto walidhani ni malaria. Nami nikajibu lile jibu ambalo sote tumeliokota mahali: "Pole, mama. Mungu atatupa mwingine." Nikamtumia shilingi 150,000 kwa simu. Akajibu, "Imeingia, asante."

Baada ya hapo nilikwenda chooni, nikafungua bomba la maji mpaka mwisho ili wenzangu wasisikie, nikalia. Nilinawa uso, nikarudi mezani. Sikumwambia mtu. Hasa sikumwambia yeye, kwa sababu niliona anajikaza, nikaogopa machozi yangu yasije yakambomoa.

Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani jamii yetu inatuacha peke yetu kwenye msiba huu kuliko msiba mwingine wowote. Angefariki mtoto wa wiki moja, ningepanda basi usiku uleule na hakuna bosi ambaye angenizuia. Turubai lingefungwa, viti vingekodiwa, akina mama wangelala chini na mke wangu siku tatu, daftari la rambirambi lingezunguka, mzee fulani angesimama kutoa neno, na mimi ningekaa mkekani na wanaume, hata nisiposema kitu, kila mtu angejua nina nini. Mimba iliyoharibika haina turubai. Haina matanga wala arobaini, na anayeuliza huuliza kwa kunong'ona kana kwamba kuna aibu. Basi uchungu unabaki mikononi mwa watu wawili, na hao wawili wakiwa wanahurumiana kiasi cha kutoambiana, kila mmoja anauzika pake. Yeye aliona mtu aliyetuma hela akaendelea na kazi. Mimi niliona mwanamke aliyepoa haraka. Kila mmoja wetu alimwogopa kidogo yule aliyemwona.

Nilirudi nyumbani tarehe 3 Julai. Tulizungumza habari za lenta.

Mwaka 2023 ukaja na la kwangu. Wakaguzi waliibua hoja ya malipo ya shilingi milioni 38 yasiyo na viambatisho, na saini ya mwisho kwenye hati zile ni yangu. Nilijua viambatisho vilikuwepo. Kuvipata ilikuwa habari nyingine, maana tulikwishahama na makaratasi mara mbili. Kwa miezi tisa niliandika majibu, nikaitwa, nikahojiwa, nikalala saa mbili au tatu kwa usiku. Machi nilipimwa presha ikasoma 170 kwa 110, nikaanzishiwa dawa. Mke wangu akiuliza, "Kazi inaendaje?" nilijibu, "Salama tu." Naye nikimuuliza, "Nyumbani hamjambo?" alijibu, "Tupo tu." Haya si maneno ya uongo kwa Kiswahili. Ndiyo maana ni hatari: yanakubalika kwa kila hali, unaweza kuyasema ukiwa na furaha na unaweza kuyasema nyumba ikiungua.

Lakini mtu hawezi kubeba kitu hivyo bila kukitua mahali. Mimi nilikitua masjala. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa ananisaidia kutafuta yale majalada, mtu mzima, ana mume na familia yake, aliniita kaka nami namwita dada, na mbele za Mungu hapakuwa na mapenzi kati yetu. Alinipa chai, akaniuliza, "Jana ulilala, kaka?" nami nilimwambia ukweli. Wakati ule niliona dhamiri yangu ni safi kwa sababu sikumgusa mtu. Hata hivyo usiku wangu usio na usingizi ulijulikana na mke wa mtu mwingine, na mke wangu hakuujua. Sina namna ya kulipamba hilo.

Mwezi Septemba mwaka huo mwenzetu mmoja, tuliyepanga naye nyumba moja Nkuhungu, aliniomba nimsindikize kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Mkewe alikuwa anataka talaka, na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha mazingira machache yaliyotajwa humo, huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Nilikaa kwenye benchi nje, dirisha halina kioo, nikasikia yote. Wazee walimuuliza mama yule kwa upole. Anakupiga? Hapana. Anakunyima matumizi? Hapana, analeta. Ana mwanamke? Sijasikia. Analewa? Hapana. Mzee mmoja akasema, kwa kushangaa kweli, "Sasa mwanangu, tatizo ni nini?" Pakawa kimya. Kisha yule mama akasema, "Simjui."

Wazee hawakuelewa, na siwalaumu. Maswali yao ni yaleyale ambayo sote tunayo tunapoisikia ndoa ya mtu ina shida: kipigo, matumizi, uzinzi, pombe. Kwa hilo la kutojuana hatuna swali lake, ndiyo maana watu wanafika mwisho wakionekana hawana sababu. Mimi pale kwenye benchi nilihisi baridi mgongoni. Nilijiuliza mke wangu angejibu nini akiulizwa maswali yale, na jibu nililijua.

Nilijua, na bado sikufanya kitu. Oktoba nilianguka kizunguzungu kazini. Si jambo kubwa, nilipelekwa zahanati, presha ilikuwa juu, nikapumzishwa. Dada wa masjala, kwa moyo mwema, alichukua namba ya mke wangu kwenye simu yangu akampigia. "Wifi, usiwe na wasiwasi, presha yake imeshashuka, na ile hoja ya ukaguzi nayo itaisha tu, tumeshapata nusu ya majalada."

Mke wangu akauliza, "Hoja gani?"

Jumamosi iliyofuata alinipigia saa tisa alasiri. Alikuwa stendi ya Nanenane, Dodoma. Aliuliza kitu kimoja tu: bodaboda mpaka Nkuhungu ni shilingi ngapi, asije akaibiwa.

Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, pekee kilichokuwemo chumbani, mimi nikakaa kitandani. Hakupaza sauti. Aliangalia kila kitu, sufuria yangu moja, viatu, kalenda, kisha akaona dawa dirishani. Akazichukua, akazisoma.

"Hizi unameza tangu lini?"

"Machi."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

"Saa tunayoongea."

"Ndiyo."

"Unameza huku unaniambia salama."

Nikasema, "Sikutaka kukusumbua."

Akakaa kimya muda mrefu, akizigeuzageuza zile dawa mkononi. Kisha akasema, "Na mimi siku tatu nilikuwa natoka damu, nikamkataza dada asikupigie. Nilimwambia baba anafunga mwaka, sitaki kumsumbua." Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nimjue: "Mume wangu asiponisumbua, anisumbue nani? Yule dada wa watu amesumbuka mwaka mzima kwa kazi yangu."

Ndipo nilipomweleza kuhusu bomba la maji. Nilianza kwa kigugumizi, maana nilikuwa sijawahi kuitamka habari ile hata peke yangu. Aliniuliza, "Ulilia?" kama mtu anayeuliza bei mara ya pili kwa kutoamini. Nikasema nililia. Akafunika uso kwa upande wa khanga. "Miaka miwili nakuona wewe ni jiwe," akasema. "Nilisema moyoni, huyu hata hakumhesabu."

Yeye alikuwa amemhesabu. Kwenye kadi ya kliniki waliandika tarehe ya matarajio ya kujifungua: 9 Desemba 2021. Sikukuu ya Uhuru. Nilikumbuka siku ile, nilikuwa nyumbani kwa mapumziko. Alijifungia chumbani akasema kichwa kinamuuma, nikawachukua watoto tukaenda kula chipsi ili apate utulivu. Mwaka uliofuata vilevile, siku ileile, kichwa. Sikuunganisha. Mtu anaweza kumwonea mkewe huruma, akamfungia mlango polepole asimwamshe, na akawa amemwacha peke yake kuliko angegombana naye.

Nisidanganye kwamba baada ya hapo tulipona. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko miaka yote sita. Alikuwa na hasira iliyokuwa imelazwa muda mrefu na sasa imeamka, na mimi nilitamani mara nyingi turudi kwenye lenta na nondo. Mambo ya viambatisho yalikwisha Novemba, vilikuwa kwenye boksi lililoandikwa jina la idara nyingine. Nilimpigia simu yeye kwanza. Alisema, "Hongera," akanyamaza, akasema, "Nimefurahi ila bado nimekasirika," na kwa mara ya kwanza nilipenda kuambiwa hivyo.

Tulikwenda kwa shangazi yake wa Magomeni, yule mkubwa aliyemfunda. Tulimsimulia kwa kuzungukazunguka. Akatusikiliza, akasema mficha uchi hazai, kisha akamgeukia mke wangu: "Mimi nilikwambia usianze na mashtaka. Nani alikwambia usimalize nayo?"

Mwaka 2024 tukaanza pia kumwona mshauri wa ndoa, mama mmoja mtu mzima anayepokea watu kanisani kwetu. Kati ya yote aliyotufundisha, moja ndilo lililoingia akilini mwangu kwa sababu mimi ni mtu wa hesabu. Alitueleza juu ya mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, aliyewachunguza wanandoa wapya katika Chuo Kikuu cha Washington na kuwafuatilia miaka sita baadaye. Hakuwa anatafuta ugomvi wao. Alikuwa anahesabu vitu vidogo: mmoja anasema "ona ndege yule," je, mwenzake anageuka? Waliobaki pamoja walikuwa wamegeuka mara 86 kwa kila 100. Walioachana, mara 33. Mama yule akaviita vitu hivyo hodi. Mtu anapiga hodi kwa kusema leo kuna joto, au nimekutana na fulani sokoni, au mgongo unaniuma. Hataki utabiri wa hali ya hewa. Anataka kusikia karibu. Na kwetu pwani, alisema, ukipiga hodi mara tatu hujajibiwa, adabu ni kuondoka.

Nilirudi kwenye yale mazungumzo ya WhatsApp na jicho jingine. Hodi zilikuwemo, tena nyingi, nilikuwa sijazisikia. Machi 2019 aliandika, "Leo mvua imenyesha mpaka darasani, watoto wangu wamepanda juu ya madawati." Mimi nikajibu, "Mchanga wa fundi haujachukuliwa na maji?" Mwezi huohuo aliandika, "Leo nimekukumbuka bila sababu." Nikajibu kwa ile alama ya dole gumba. Baada ya hapo ni fedha tu. Na zangu zilikuwepo, chache: nilimtumia picha ya jua likizama Mtumba, akajibu, "Usisahau ada."

Tuliweka utaratibu kwamba habari za saruji ziandikwe mchana, simu ya usiku isitaje ujenzi. Usiku wa kwanza hatukuwa na la kusema. Nilisikia jirani yake akisonga ugali, nilisikia mbwa, nilisikia yeye akipumua. Dakika nne. Nilikaribia kumuuliza habari ya madirisha. Badala yake alisema, "Leo mwalimu mwenzangu amestaafu, nimelia njia nzima na sijui kwa nini," na tukaongea saa nzima.

Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma. Nauli shilingi 31,000, safari ya karibu siku nzima ya basi ikawa ya takriban saa nne, na watu waliniambia sasa ndoa yako imepona. Naishukuru ile treni, nafika sina vumbi. Lakini nimeshakaa behewani na wanaume wa kada yangu, Ijumaa jioni, nikawasikia wakipiga simu tukikaribia Dar: "Nimefika Pugu. Ehe. Salama. Salama tu." Najua sauti hiyo.

Mimi mwenyewe bado inanitoka. Mwezi uliopita nilikosa kitu nilichokitarajia sana kazini, na mke wangu alipouliza, nilijibu salama kabla sijafikiri. Ilinichukua siku mbili kumpigia na kusema haikuwa salama. Yule dada wa masjala naye, nilimshukuru na nikamweleza kwamba mambo ya nyumbani kwangu sitamletea tena. Aliumia, na hakustahili kuumia. Hilo nalo ni deni nililolitengeneza kwa kunyamaza pasipotakiwa.

Mwaka 2024 tarehe 9 Desemba iliangukia Jumatatu. Nilifika Ijumaa. Jumatatu asubuhi niliamka kabla yake, nikachemsha chai mwenyewe, nikampelekea kibarazani alipokuwa amekaa na khanga begani. Nikasema, "Leo ndiyo ile siku." Alinitazama. Akaingia ndani, akakawia, akarudi na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa muuguzi mwenye haraka. Niliishika kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa nimeshampa jina," akasema.

Nikamwambia aniambie. Akalisema. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jina la kwao, lenye herufi ambazo ulimi wangu hauzijui vizuri, nikamwomba alirudie, akalirudia taratibu, nikajaribu, akanisahihisha, nikajaribu tena.